Kamisheni ya Broka: Jinsi ya Kupatana Kabla Hujauza Nyumba Yako Migori au Homa Bay

Watu wengi huuza nyumba mara moja tu maishani. Broka yeye huuza kila wakati. Kwa hivyo siku mnapokaa chini kuongea kamisheni, yeye anajua hesabu zote, na wewe mara nyingi una haraka: karo, bili ya hospitali, au umestaafu na unataka kwenda kujenga nyumbani. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea kabla hata mnunuzi hajafika.

Katika somo hili tunaangalia kamisheni peke yake: inahesabiwa vipi, unapatana vipi bila kugombana, unaandika nini, na unailipa vipi kwa simu ili ubaki na ushahidi. Tunatumia mifano ya Migori na Homa Bay, lakini hesabu ni ile ile popote ulipo Kenya.

Kwanza, jua unauza nini

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, miji yetu imebadilika. Migori iko kwenye barabara kuu ya kwenda mpaka wa Isebania, kwa hivyo wafanyabiashara wanatafuta nyumba na ploti. Rongo kuna chuo kikuu, Awendo kuna kiwanda cha sukari, Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya na ofisi za kaunti. Nyumba ya mjini yenye maji na njia ya gari ina watu wanaoitaka.

Boma la ukoo ni jambo lingine. Watu wa hapa wanajua kwamba dala si bidhaa ya kupelekwa sokoni, na likiguswa linaleta wazee, ndugu na kesi. Hapa tunazungumzia nyumba ya mjini au ploti yenye hatimiliki, ile tunayoiita taito, iliyo kwa jina lako.

Kabla hujamwita broka yeyote, hakikisha mambo matatu:

1. Taito iko kwa jina lako. Kama bado iko kwa jina la marehemu mzazi, kesi ya mirathi huja kwanza.
2. Mke au mume wako anakubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili.
3. Kama ni ardhi ya kilimo, utahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Bila idhini, mauzo hayana nguvu kisheria na mnunuzi anaweza kudai pesa zake zote.

Kwa nini haya yanahusu kamisheni? Kwa sababu broka akishaleta mnunuzi halafu mauzo yakwame kwa kosa la karatasi zako, bado atakuja kudai jasho lake.

Broka ni nani hasa?

Kuna watu wa aina mbili, na bei zao hazifai kuwa sawa.

Wa kwanza ni ajenti aliyesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, ya mwaka 1984, na kuna bodi ya usajili inayojulikana kwa kifupi kama EARB. Kisheria, mtu anayefanya kazi hii kama biashara anatakiwa awe amesajiliwa. Muulize jina lake kamili lililo kwenye usajili, kisha uliza bodi kama wanamtambua. Ajenti wa kweli hatakasirika.

Wa pili ni yule tunayemjua sote: ana simu mbili, anakaa karibu na stendi au kwenye duka la simu, na anajua kila ploti inayouzwa. Wengine ni waaminifu na wanaujua mji kuliko mtu yeyote. Lakini hana usajili, hana ofisi, na mambo yakiharibika utamtafuta kwa simu iliyozimwa. Mtu wa namna hii usimpe taito halisi, usimpe nakala ya kitambulisho bila sababu, na usimruhusu kupokea dipoziti kwa niaba yako.

Jambo moja zaidi: kuandaa mkataba wa mauzo ya ardhi kwa malipo ni kazi ya wakili. Broka akikwambia kamisheni yake inajumuisha "kuandika agrimenti", hapo anakuuzia kitu ambacho sheria haimruhusu kukitoza.

Njia tatu ambazo kamisheni huhesabiwa

*Asilimia ya bei.* Ndiyo ya kawaida. Mara nyingi utasikia asilimia 3 hadi 5 ikitajwa, na kwa ploti ndogo wengine huanzia juu zaidi. Hiyo ni bei ya kuanzia maongezi. Broka anaitaja huku akijua utashusha, sawa na muuza samaki wa Mbita anapokutajia bei ya mbuta.

*Kiasi kamili.* Mnakubaliana, tuseme, shilingi 100,000 bila kujali nyumba imeuzwa kwa bei gani. Ni rahisi kuelewa, lakini broka hana sababu ya kukupigania bei nzuri.

*"Cha juu ni changu."* Hii ndiyo tunayotaka uiogope. Broka anakwambia: "Wewe nipe bei yako tu, kamisheni sitaki. Nitakachoweka juu ni changu." Inasikika kama bure. Tuseme unataka shilingi 3,500,000. Yeye anamwambia mnunuzi 4,100,000, na mnunuzi analipa. Broka ameondoka na 600,000, ambayo ni zaidi ya asilimia 14 ya bei. Na ili usijue, atahakikisha wewe na mnunuzi hamkutani. Siku ya kwenda kwa wakili, bei ya mkataba na pesa iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi hazilingani. Mnunuzi anahisi ameibiwa, na anayemlaumu ni wewe, kwa sababu jina lililo kwenye taito ni lako.

Ukisikia maneno hayo, jibu ni moja: "Hapana ndugu yangu, nitakulipa kamisheni, na mnunuzi nitaongea naye mwenyewe."

Hesabu ambayo broka hatakuonyesha

Chukua nyumba inayoweza kuuzwa shilingi 4,000,000, kamisheni ni asilimia 3. Broka anapata 120,000, wewe unabaki na 3,880,000.

Sasa anakuja mnunuzi wa 3,800,000. Broka anakwambia, "Mama, chukua hii, soko ni mbaya." Kwa bei hiyo, yeye anapata 114,000. Amepoteza shilingi 6,000 tu. Wewe je? Unabaki na 3,686,000. Umepoteza 194,000.

Angalia tena hizo namba mbili. Kumngoja mnunuzi mwingine kunaweza kumchukua broka mwezi mzima wa mafuta na simu, na faida yake ni 6,000. Hata akiwa mtu mwema, hesabu yenyewe inamwambia akuharakishe. Kumlaumu hakusaidii kitu. Dawa ni kuibadilisha hesabu ili faida yake na yako zielekee upande mmoja.

Njia nzuri ni kamisheni ya ngazi. Unaweka asilimia ndogo hadi bei fulani, halafu asilimia kubwa kwa kila kinachozidi pale. Kwa mfano: asilimia 2.5 hadi shilingi 3,800,000, na asilimia 10 kwa kinachozidi.

- Ikiuzwa 3,800,000: broka anapata 95,000.
- Ikiuzwa 4,000,000: 95,000 na 20,000 ya juu, jumla 115,000.
- Ikiuzwa 4,200,000: 95,000 na 40,000 ya juu, jumla 135,000.

Sasa kila laki mbili anayokuongezea inamletea 20,000, si 6,000. Na ile ya 4,000,000 bado imekugharimu pungufu ya asilimia 3 ya kawaida.

Ngazi ina sharti moja: lazima ujue bei halisi ya mtaa wako kabla ya kuweka ile bei ya kati. Ukiiweka chini sana, broka atachukua asilimia 10 ya pesa ambayo ingekuja yenyewe. Uliza nyumba mbili tatu za jirani ziliuzwa ngapi, na kama mali ni kubwa, mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe ripoti.

Kupatana: maneno yenyewe

Haya ni maongezi ya mfano kati ya mwalimu mstaafu na broka, Migori mjini.

— Mwalimu, nyumba yako ni safi sana. Mteja niko naye tayari. Kamisheni yangu ni asilimia tano tu.

— Asante ndugu yangu. Hiyo tano ni ya kazi gani na gani?

— Natafuta mteja, namleta, mnaongea, basi.

— Sawa. Wakili nitamlipa mwenyewe, na picha mtoto wangu ameshapiga. Kwa kazi ya kumleta mteja, mimi naona asilimia mbili.

— Aki Mwalimu, mbili haitanifikisha. Mafuta ya pikipiki ni kila siku. Wacha iwe nne.

— Nakuelewa, kazi ina gharama. Basi tufanye hivi. Mpaka milioni tatu na laki nane, ni mbili na nusu. Ukinipatia zaidi ya hapo, kila kilichozidi unachukua asilimia kumi. Ukileta wa milioni nne, unaondoka na laki moja na elfu kumi na tano.

— Na nikishamleta, nitangoja hiyo pesa mpaka lini?

— Siku pesa yote ikiingia kwa akaunti yangu, sikukalishi. Nakutumia kwa simu siku hiyo hiyo. Na leo tunaandika.

Angalia alichofanya Mwalimu. Hakusema "nyinyi mabroka ni wezi". Aliuliza kazi kwanza, bei baadaye. Alitaja kazi ambazo broka hatafanya, na hizo ndizo zilizompa sababu ya kushusha. Alipopanda, alipanda na sharti. Na mwisho alitoa kitu ambacho broka anakithamini kuliko asilimia moja: uhakika wa kulipwa haraka. Mabroka wengi wamezungushwa na wauzaji hadi wakakata tamaa. Mtu anayeaminika kulipa siku hiyo hiyo ana nguvu ya kupatana.

Kitu kingine ambacho Mwalimu hakukisema ni kwa nini anauza. Usimwambie broka kwamba karo inatakiwa Jumatatu. Hiyo habari itafika kwa mnunuzi kabla ya picha za nyumba.

Mambo saba ya kuandika

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote na kushuhudiwa. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Mapatano ya kamisheni ni kitu tofauti, na hata ya mdomo yanaweza kudaiwa. Shida ya mdomo ni ushahidi. Ukurasa mmoja unatosha, na uwe na haya:

1. *Kiwango.* Asilimia au ngazi, na mfano wa hesabu. Kama ajenti anatoza VAT, andika kama imo ndani au ni ya juu. VAT ya asilimia 16 ikiongezwa kwenye 115,000 ni shilingi 18,400 zaidi.
2. *Lini inalipwa.* Bora ni siku bei yote imekuingilia. Dipoziti ya kawaida ni asilimia 10, na mauzo huchukua kama siku 90 kukamilika. Mengi hutokea katikati hapo.
3. *Kama akitaka kitu mapema.* Weka kiasi kidogo, tuseme 30,000 dipoziti ikiingia na 85,000 mwisho, na uandike kama ile 30,000 inarudi mauzo yakivunjika.
4. *Kamisheni moja tu.* Huku kwetu broka humpigia broka mwenzake, naye akampigia mwingine, na siku ya malipo wanakuja wanne. Andika kwamba unalipa mara moja, kwa mtu mmoja, na wengine wanagawana wenyewe.
5. *Ni wewe peke yako au na wengine?* Ukimpa broka mmoja haki ya kuuza peke yake, omba asilimia ndogo na uweke mwisho, mfano siku 60. Ukiwapa wengi, anayelipwa ni aliyemleta mnunuzi aliyenunua kweli.
6. *Mnunuzi wako mwenyewe.* Kama shemeji yako au jirani atanunua, broka hapati kitu. Orodhesha majina hayo kabla.
7. *Gharama.* Mafuta, matangazo na picha ni vya nani? Kama haijaandikwa, utaombwa kila wiki.

Saini zenu, tarehe, nambari za vitambulisho na shahidi mmoja. Piga picha ya karatasi hiyo, ihifadhi kwenye simu na umtumie mtu wa familia.

Kulipa kwa simu, bila majuto

Muamala mmoja wa simu una kikomo cha shilingi 250,000 na wa siku nzima 500,000. Kwa hivyo kamisheni ya kawaida inatosha kwenye simu, lakini bei ya nyumba haitoshi, na haifai. Bei ya nyumba ipitie benki, kwa kawaida kupitia akaunti ya wateja ya wakili. Mnunuzi akisema atakutumia milioni nne kidogo kidogo kwa simu, simama kwanza.

Unapolipa kamisheni:

- Lipa nambari iliyoandikwa kwenye mapatano. Broka akisema "tuma kwa hii ya ndugu yangu", usitume mpaka abadilishe kwa maandishi na kusaini.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Lisipolingana na kitambulisho, ghairi.
- Usilipe taslimu "ili tuokoe ada". Ada ya kutuma ni ndogo kuliko kesi.
- Hifadhi ujumbe wenye nambari ya muamala, kisha umwandikie broka: "Nimekutumia 115,000, kamisheni yote ya nyumba, sina deni." Akijibu "nimepata", hiyo ni risiti ya pili.
- Ujumbe ukifutika, omba taarifa ya akaunti yako. Miamala yako yote iko pale.

Na unapopokea: meseji ya kwamba umetumiwa dipoziti si pesa. Angalia salio lako kwanza. Matapeli hutengeneza meseji inayofanana kabisa na ya kweli, halafu wanapiga simu kwamba wametuma zaidi kwa makosa, uwarudishie. Usirudishe kitu kabla ya kuangalia salio na kutupigia. Sisi hatutawahi kukuuliza PIN yako, na broka pia hana kazi nayo.

Pia usilipe "ada ya kuandikisha nyumba" kabla broka hajafanya lolote. Anayetaka pesa kwanza ili akutafutie mnunuzi anaweza kuishi vizuri bila kuuza nyumba hata moja.

Pesa nyingine zitakazoguswa

Usipige hesabu ya kamisheni peke yake. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani. Wewe muuzaji unaweza kudaiwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza husamehewa, lakini nyumba ya kupangisha haimo katika msamaha huo. Kama unadaiwa kodi hiyo, kamisheni uliyolipa huhesabiwa kama gharama ya kuuza, ikiwa una ushahidi. Ndiyo sababu nyingine ya kutolipa taslimu. Muulize wakili wako kabla ya kusaini chochote.

Kabla hujasema "tumekubaliana"

Jiulize maswali haya matano:

- Ninajua bei ya kweli ya mtaa wangu?
- Ninajua broka atapata shilingi ngapi, si asilimia ngapi tu?
- Nikipunguza bei kwa laki mbili, nani anaumia, mimi au yeye?
- Nimeongea na mnunuzi mwenyewe na kusikia bei kutoka mdomoni mwake?
- Karatasi imesainiwa, na nambari ya kulipia imeandikwa?

Kama jibu moja ni "sijui", usisaini leo. Mwambie broka kwa heshima, "Nipe mpaka kesho." Broka aliye na mnunuzi wa kweli atarudi kesho.